Gari halina dereva, halinywi mafuta, haliegeshi: barabara italipiwa na nani?

Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Yakitajwa magari yanayojiendesha, mjadala huwa unaishia kwenye mambo mawili: usalama, na ajira za madereva. Ni hoja nzito zote mbili. Leo naomba tuzungumze jambo lisilo na mashabiki, nalo ni fedha za serikali. Barabara hujengwa kwa fedha na huzibwa viraka kwa fedha, na kwa miaka mia moja hivi sehemu kubwa ya fedha hizo imetoka kwa mtu aliyeshika usukani. Akijaza mafuta analipa kodi, leseni analipia, maegesho analipia, akikosea anapigwa faini. Sasa mwondoe huyo mtu, halafu tuhesabu kilichobaki.

Tuanze na mafuta. Jimbo la Oregon lilikuwa la kwanza Marekani kutoza kodi ya mafuta kwa ajili ya barabara, mwaka 1919. Aliyebuni kodi ile alikuwa na akili: anayetembea zaidi anachoma zaidi, mwenye gari zito anachoma zaidi, na serikali haina haja ya kumfuatilia kila dereva kwa sababu inamalizana na wauzaji wa jumla. Ugonjwa wake ni mmoja, wanasiasa wanaogopa kuigusa. Kodi ya serikali kuu ya Marekani ni senti 18.4 kwa galoni ya petroli, na imekaa hapohapo tangu 1993. Kwa mfumuko wa bei wa miaka yote hiyo, thamani yake imeshuka kwa zaidi ya nusu. Mfuko wao wa barabara kuu ulianzishwa 1956 ili ujitegemee kwa kodi hiyo. Tangu 2008 umekuwa ukichotewa kutoka hazina kuu, na kufikia 2021 ilishachotwa kama dola bilioni 275. Uingereza nako ushuru wa mafuta haujapanda tangu 2011, mwaka 2022 ukapunguzwa peni 5 kwa lita, na hata hivyo bado unaingiza takriban pauni bilioni 25 kwa mwaka. Pato la ukubwa huo likiyeyuka, lazima kitu kingine kikatwe.

Kabla hamjanirukia: najua pengo hilo linaletwa na umeme, si kukosekana kwa dereva. Gari linaweza kujiendesha na bado likanywa petroli. Ila tazameni yaliyopo barabarani kweli. Teksi zisizo na dereva za Waymo, kampuni dada ya Google, zilizozoeleka San Francisco na Phoenix ni Jaguar I-PACE, za umeme. Za kampuni ya Baidu kule Wuhan, China, ni za umeme pia. Kampuni inayotaka gari lizunguke karibu mchana na usiku inapiga hesabu ya gharama kwa kilomita, na hapo umeme unaishinda petroli. Kwa hiyo umeme na kujiendesha vinakuja vimeshikana mikono, na kujiendesha kunalikuza pengo la umeme: kilomita zinaongezeka, na kila kilomita iliyoongezeka haina senti ya kodi ya mafuta.

Je, kweli zitaongezeka? Mwaka 2018 watafiti wa California walichapisha jaribio ambalo mimi nalipenda kwa ujanja wake. Hawakuwa na magari ya kujiendesha ya kugawa, wakawapa watu 13 madereva wa bure wa kuwaendesha kwenye magari yao wenyewe, au kuyatuma yaende kokote bila wao kuwemo. Umbali uliotembewa uliongezeka kwa asilimia 83. Watu 13 ni wachache mno kujengea sera ya taifa, nakubali, na cha bure siku zote kina wateja. Lakini mwelekeo wake unajieleza. Ukiondolewa adha ya kuendesha, safari uliyokuwa unaiahirisha unaifanya, na gari unalituma likachukue mzigo peke yake.

Maegesho ndiyo nayaogopa zaidi, kwa sababu hakuna anayeyazungumzia. Miji mingi inategemea fedha za maegesho kuliko inavyokiri. Chicago mwaka 2008 ilikodisha mita zake za maegesho, kama 36,000, kwa miaka 75, ikapewa takriban dola bilioni 1.15 ikazitumia upesi. Aliyenunua mkataba ule alikuwa anaamini kwamba miaka 75 ijayo watu bado wataegesha magari pembeni ya barabara na kulipia. Mtafiti Adam Millard-Ball alionyesha mwaka 2019 kwamba gari lisilo na dereva likishakushusha katikati ya mji lina njia tatu: lilipie maegesho, lirudi nyumbani, au lizungukezunguke taratibu mpaka umalize shughuli. Kuzunguka kwa mwendo wa pole kunagharimu kama senti 50 za dola kwa saa. Nitajieni mji mkubwa wenye maegesho ya bei hiyo. Tena katika kuzunguka, foleni hailiumizi, inalinufaisha: likitembea polepole linatumia nishati kidogo. Kwa hiyo jiji linakosa fedha ya maegesho na papo hapo linapewa foleni.

Faini nisiipambe sana. Haya magari hayalewi, na kwa mwendo yanafuata kibao. Lakini si malaika. San Francisco ziliandikwa faini 589 za maegesho kwa magari ya Waymo mwaka 2024 peke yake, zaidi ya dola 65,000. Makosa ya mwendoni ndiyo kichekesho. Septemba 2025 polisi wa San Bruno, California, walisimamisha gari lililogeuza mahali pasiporuhusiwa, wakakuta kiti cha dereva kitupu na fomu ya faini haina kisanduku cha roboti. Sheria mpya ya jimbo kuanzia Julai 2026 inampa askari uwezo wa kuiandikia kampuni taarifa ya ukiukaji. Taarifa, si faini.

Msimamo wangu ni huu: tozo ihamie kwenye kilomita, na iwekwe sasa wakati magari haya ni machache. Tennessee walifanya hivyo 2017, wakaandika kwenye sheria tozo ya senti 1 kwa maili kwa magari yanayojiendesha, kabla hata hayajafika. Hakuna aliyeandamana, kwa sababu hakukuwa na wa kuandamana. Ukisubiri mpaka kila kaya iwe nalo, utakuwa unajadiliana na wapiga kura nchi nzima.

Karibuni mnikosoe.

---

Mpita Njia

Nimekaa hapa nasubiri wataalamu. Ila hilo la gari kuzunguka ili lisilipe maegesho limenichekesha. Hata mashine imejifunza ubahili.

---

Injinia wa Lami

Uzi mzuri, mkuu. Umeongea sana mapato, mimi niongee matumizi, maana huko ndiko kuna jambo ambalo wahasibu hawalioni.

Kwanza, nani anaharibu barabara. Majaribio makubwa yaliyofanyika Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960 ndiyo yaliyotupa kanuni tunayoitumia mpaka leo: uharibifu unakwenda takriban na uzito wa ekseli (mhimili unaoshika magurudumu) kwa kipeo cha nne. Ekseli ikiwa nzito mara mbili, madhara ni mara 16. Ekseli ya lori ya tani 10 ikilinganishwa na ya gari dogo ya tani 1, ni mara 10,000. Ndiyo maana nikisikia watu wanabishana kuhusu gari dogo la umeme kuzidi uzito kwa sababu ya betri, huwa natabasamu. Kwa gari dogo hiyo ni kelele. Lori ndilo jambo lenyewe.

Pili, na hapa ndipo kujiendesha kunakoingia kwenye kazi yangu. Dereva binadamu hanyooki. Leo anapita kulia kidogo, kesho kushoto, anakwepa shimo, anasinzia nusu sekunde. Kutonyooka kwake kunasambaza mzigo kwenye upana wa njia. Kompyuta inashika katikati ya njia kwa usahihi wa sentimeta, na lori linalofuata hivyohivyo, na la tatu. Matairi yote yanapita juu ya ukanda uleule. Lami inadidimia mapema na kuacha mifereji miwili, maji ya mvua yanatuama humo, gari linateleza. Tafiti za njia za mabasi yaendayo haraka, ambako magari hubanwa kwenye mstari mmoja, zilishatuonyesha sura hiyo muda mrefu.

Misafara nayo. Malori yanayowasiliana yanaweza kufuatana kwa karibu sana ili kupunguza ukinzani wa upepo na kuokoa dizeli. Mwenye lori anaokoa, mwenye barabara anaumia: lami inapokandamizwa inahitaji muda mfupi wa kujirudi kabla ya ekseli inayofuata, na msafara hauutoi. Madaraja marefu ndiyo yananinyima usingizi zaidi, kwa sababu mengi yalisanifiwa kwa kudhani kwamba malori mazito yatachanganyika na magari madogo na kuachana nafasi. Malori matano yaliyoshikana hayakuwemo kwenye dhana ile.

Kizuri ni kwamba dawa yake ni mistari michache ya programu. Iambie kompyuta ipishane makusudi ndani ya njia, lori hili sentimeta 20 kulia, lile 20 kushoto, na barabara itadumu kuliko ilivyodumu chini ya madereva binadamu. Msafara ukikaribia daraja, uachane. Ila hakuna kampuni itakayoandika mistari hiyo kwa hisani yake, kwa sababu bili ya lami haiendi kwao. Kwa hiyo tozo ya kilomita peke yake haitoshi, mleta uzi. Inabidi iwe ya kilomita na ekseli, na masharti ya namna ya kupita yaandikwe kwenye kibali.

---

Dada Hesabu

Naona wanaume mnahesabu hasara tu. Ngoja nilete upande wa pili wa daftari.

Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 1.19 hivi hufa barabarani kila mwaka, na kwa nchi nyingi ajali hula kama asilimia 3 ya pato la taifa. Linganisheni hilo na mapato yoyote ya faini za mwendo kasi. Magari haya yakipunguza hata robo ya ajali, hospitali, mahakama, polisi na mifuko ya pensheni ya ulemavu watapumua kwa kiasi ambacho mapato ya maegesho hayawezi kukifikia. Serikali inayolilia faini zilizopotea kwa sababu watu wameacha kuvunja sheria inabidi ijitazame kwenye kioo.

Shida ni kwamba akiba hiyo inaangukia kwenye mifuko mingine. Aliyeokoka haleti hundi ofisi ya barabara. Kampuni ya bima inalipa madai machache, hospitali inaokoa vitanda, familia haipotezi mtafutaji. Mfuko wa barabara hauoni chochote, unaona tu kilomita zimeongezeka na mafuta hayauziki. Ndiyo maana mimi siamini sana mifuko iliyofungiwa chanzo kimoja. Ile ya Marekani imeshathibitisha kwamba chanzo kikikauka, watu wanachota hazina kuu kimyakimya na kuendelea kuuita mfuko unaojitegemea.

La uwezo wa barabara pia mmeliruka. Njia moja ya barabara kuu hupitisha kama magari 2,000 kwa saa ikiwa katika hali nzuri. Wanaopiga debe wanasema magari yakiwasiliana yatakaribiana zaidi, kwa hiyo hatutahitaji kupanua barabara, tutaokoa mabilioni. Inawezekana, siku magari yote yatakapokuwa ya aina hiyo. Katikati hapo, kwa miaka mingi, yatachanganyika na ya binadamu, na gari la kompyuta likiwa katikati ya wanadamu huwa mwoga, linaacha nafasi kubwa. Kwa hiyo mipango ya barabara ya leo isipunguzwe kwa ahadi hiyo.

---

Dereva Mstaafu

Mimi sina takwimu. Nina swali moja. Mkisema tozo ya kilomita, maana yake serikali ijue kila ninakopita. Leo mnasema ni ya lami, kesho inatumika kujua nilikuwa kwa nani saa tano usiku. Na gari langu la petroli je? Nalipa kwenye pampu halafu nalipa tena kwa kilomita?

---

Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Mzee wangu, heshima kwako. Maswali yako mawili ndiyo yaliyoua mipango mingi ya namna hii, kwa hiyo siyapiti juujuu.

La kulipa mara mbili lina jibu la zamani. Oregon wanaendesha mpango wa hiari tangu Julai 2015. Ulianza kwa senti 1.5 kwa maili, na kodi ya mafuta uliyolipa kwenye pampu inakatwa kwenye bili yako. New Zealand ni wepesi zaidi: petroli inalipa kwenye pampu, dizeli inalipa kwa kilomita tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na kuanzia Aprili 2024 magari madogo ya umeme yameingizwa huko kwa dola zao 76 kwa kila kilomita 1,000. Mwenye gari la petroli tupu halipi kotekote. Iceland nao walianza Januari 2024 kwa krona 6 kwa kilomita kwa gari la umeme. Uingereza imetangaza peni 3 kwa maili kwa gari la umeme kuanzia Aprili 2028.

La kufuatiliwa: si lazima kujua ulikopita, inatosha kujua umbali. New Zealand unanunua leseni ya kilomita, na kwa gari dogo kinachosomwa ni kipima umbali cha kwenye dashibodi. Kwa gari lako binafsi mimi ningeishia hapo. Teksi isiyo na dereva ni habari nyingine kabisa. Ile ina kamera kila upande, inarekodi njia yake yote, na kampuni inajua ilipo kila sekunde. Kuitoza kwa mahali na saa hakuongezi ufuatiliaji wowote ambao haupo tayari. Malori ya Ujerumani yanalipa kwa umbali kwenye barabara kuu tangu Januari 2005, mengi kwa kifaa cha setilaiti, na biashara haikufa.

Injinia, hoja yako ya ekseli naichukua mzima mzima.

---

Dada Hesabu

Mleta uzi, angalia New York uone tundu ninalolihofia. Januari 5, 2025 walianza kutoza magari yanayoingia kusini mwa Manhattan, dola 9 kwa gari dogo saa za msongamano. Teksi hazilipi hiyo ya siku. Zinatozwa kwa safari, senti 75 kwa teksi za kawaida na dola 1.50 kwa zile za kuitwa kwa simu, na analipa abiria. Kwa mji wenye madereva binadamu ni busara, kwa sababu dereva hapendi kuzunguka bure, muda wake una gharama. Mwondoe dereva. Gari tupu halina abiria, kwa hiyo halina wa kutozwa, na muda wake hauna gharama. San Francisco pia, tozo yao iliyoanza 2020 inayahusu na magari yasiyo na dereva, lakini ni asilimia ya nauli. Kilomita tupu haina nauli.

Kwa maoni yangu kilomita tupu ndani ya mji saa za msongamano iwe ghali kuliko yenye abiria, si nusu yake wala sawa nayo. Na gari lililobeba watu wanne wasiojuana lilipe kidogo sana, vinginevyo tutamuumiza anayeishi mbali kwa sababu ya kodi ya nyumba, ambaye ndiye ana kilomita nyingi na kipato kidogo.

---

Injinia wa Lami

Naunga mkono, ila msisahau kwamba fedha hizo zirudi kwenye vitu vidogo. Magari haya yanasoma barabara kwa kamera. Mstari uliofutika, kibao kilichopinda, kiraka chenye rangi tofauti, vyote vinayachanganya. California waliamua 2017 kupanua mistari ya barabara kuu kutoka inchi 4 hadi inchi 6 na kuachana na vile vinundu vya duara walivyokuwa wanabandika kutenganisha njia, sababu mojawapo ikiwa ni magari haya. Rangi si ghali. Ugumu ni kuirudia kila inapochakaa, maana bajeti za matengenezo ndizo hukatwa kwanza. Nchi zenye mistari mizuri kwenye barabara kuu pekee zitapata huduma hii kwenye barabara kuu pekee.

---

Mpita Njia

Sasa hiyo hela inakusanywa na nani? Jiji, au serikali kuu?

---

Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Hilo ndilo litakalotugombanisha, Mpita Njia. Kodi ya mafuta mara nyingi huenda juu kisha hugawiwa chini. Maegesho na faini nyingi ni za mji. Ukibadilisha vyote kuwa tozo moja ya kilomita, mji unapoteza vyanzo vyake na kuanza kusubiri mgao.

Na si kila mwenye barabara ana haki ya kutoza. Jimbo la Victoria, Australia, lilianza 2021 kuwatoza wenye magari ya umeme, senti 2.5 hivi za dola yao kwa kilomita. Wenye magari wawili wakaenda mahakamani. Oktoba 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kwamba tozo ile ni aina ya ushuru ambao katiba imeuweka mikononi mwa serikali ya shirikisho pekee. Tozo ikabatilishwa. Majimbo yamebaki na barabara zao na mashimo yake, na serikali ya shirikisho ina mamlaka ya kutoza. Kwa hiyo kabla ya kubishana kiwango, mtu afungue katiba ya nchi yake aone ni nani anaruhusiwa kuandika hiyo bili.